Tresse, nailoni au uzi wa nyavu: nini cha kufungia ndoano kwenye mawe ya Goma

Jumamosi moja asubuhi kijana wa Himbi, mtaa wa Goma kando ya Ziwa Kivu, alinionyesha uzi wake mpya wa kusukwa, ule ambao dukani wanauita tresse. Kijani kibichi, umeandikwa 40 LB, na muuzaji alikuwa amemwapia kwamba hata piki haiwezi kuukata. Kufikia saa nne alikuwa amepoteza ndoano tano. Hatua chache kutoka pale alikaa mzee mwenye nailoni nene iliyozungushwa kwenye kopo la maziwa, nailoni iliyopauka kwa jua, na yeye alikuwa amepoteza moja tu. Kijana akaniuliza, "Papa, wamenidanganya?"

Nilimwomba kwanza anionyeshe uzi ulipokatikia. Ncha ya uzi uliokatika ina habari nyingi kuliko maandishi ya kifurushi. Ikiwa imejikunja kama springi ya biki, fundo liliteleza, basi usiulaumu uzi. Ikiwa ni nailoni na sentimita za mwisho zimekuwa nyeupe zenye makwaruzo, ilisuguliwa muda mrefu kabla ya kuachia. Tresse iliyofumuka kama brashi imeliwa pole pole, unyuzi mmoja mmoja. Iliyokatika wima, safi kama kwa wembe, imekutana na ukingo mkali ikiwa imekazwa. Ya kijana ilikuwa hivyo, na haikukatikia karibu na ndoano. Ilikatikia juu ya chubwi, kile kizito kinachozamisha ndoano, yapata mita moja.

Kwa hiyo muuzaji hakudanganya sana. LB ni ratili. Ratili 40 ni kama kilo 18, na uzi ule ukifungwa kwenye mti ukavutwa pole pole pengine utafika karibu na hapo. Lakini namba ile hupatikana kwa kuvuta tu, uzi haugusi kitu chochote njiani. Tilapia wetu wa kando ya ziwa mara nyingi hafiki hata kilo moja. Nguvu zote hizo tunazozilipia ni kwa ajili ya mawe, na mawe hayapimi uzi kwa kuuvuta.

Mawe haya ni ya namna gani

Mtu aliyejifunzia uvuvi Bukavu akija Goma hupoteza ndoano wiki ya kwanza. Kule kwenye ghuba mara nyingi unakutana na tope, matete, mizizi na miti iliyoanguka. Hapa ni lava, mawe yaliyotoka mlimani yakiwa yameyeyuka kisha yakaganda. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani na kuongeza kipande cha nchi kavu pale ambapo zamani palikuwa na maji. Ile ya volkano jirani, Nyamulagira, iliyotiririka kati ya 1938 na 1940, nayo ilifika ziwani upande wa Sake. Ile ya Mei 2021 ilisimama kabla ya kufika majini, kwa hiyo wavuvi hawaijui kwa mikono kama wanavyoijua ya 2002.

Lava ikikutana na maji hupoa ghafla, na ngozi yake ya juu inakuwa kama kioo. Ikipasuka inaacha kingo ambazo mtoto anayeogelea bila viatu anazifahamu vizuri. Ndani yake kuna matundu ya hewa, na kila tundu lina mdomo wake. Chubwi likiingia katika moja ya matundu hayo, uzi unalala juu ya mdomo, na wewe ukivuta unauchinja mwenyewe. Jiwe la zamani lililolambwa na mawimbi miaka mingi, ambalo utalipata sehemu nyingine za pwani, halina ukali huo. Ndiyo maana ushauri wa mtu wa pwani nyingine haufai kuchukuliwa mzima mzima.

Tresse tupu

Nyuzi nzuri za kusukwa hutengenezwa kwa polyethylene ya pekee, ile inayojulikana kwa majina ya kibiashara ya Dyneema na Spectra. Kwa unene mmoja na nailoni ina nguvu maradufu na zaidi, hainyumbuki karibu kabisa, haifyonzi maji, na inaelea, maana ni nyepesi kuliko maji kidogo. Samaki akigusa chambo kwenye kina cha mita 15 kidole chako kinajua papo hapo. Katika matete na mizizi laini haina mpinzani: inakata majani kama msumeno, na samaki aliyejificha anatoka pamoja na nusu ya bustani.

Udhaifu wake ndio ule ule utajiri wake. Ni mamia ya nyuzi ndogo sana zilizosukwa pamoja, na kila moja peke yake haiwezi kustahimili ukingo. Kwa kuwa ni nyembamba, mzigo wote unakaa juu ya eneo dogo la jiwe. Kwa kuwa hainyumbuki, mshtuko wote unafika pale pale. Ikilegea inavumilia kusuguliwa kiasi. Ikikazwa juu ya mdomo wa lava, kwisha habari.

Watu huuliza kama nyuzi 4 au nyuzi 8 zilizosukwa ndizo bora. Kwa mawe chagua 4. Kwa unene ule ule, kila uzi katika ile ya 4 ni mnene zaidi, kwa hiyo jiwe lina kazi kubwa zaidi ya kuumaliza. Ile ya 8 ni laini, ya mviringo, inateleza vizuri kwenye mulineti, kile kigurudumu cha kukunjia uzi kwenye fimbo, na inakwenda mbali ukiirusha, lakini hiyo ni sifa ya uzi mkuu, si ya kipande kifupi cha mwisho cha kufungia ndoano.

Kuna jaribio moja la bure kabla ya kulipa. Omba kipande cha sentimita chache, kizamishe kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni, kisha kiachie. Polyethylene ya kweli itapanda juu. Kikizama kikabaki chini, ni poliesta au nailoni iliyosukwa, na bei yake isiwe ya tresse. Muuzaji mmoja alinikatalia kufanya hivyo. Nikaondoka, naye akaniita tena kwa bei ya chini, jambo ambalo lilinithibitishia nilichotaka kujua.

Tresse yenye ganda

Hii ndiyo wavuvi wa Ulaya wanaovua samaki aina ya karpu kwenye vidimbwi vyenye magogo na kome huipenda zaidi. Ndani ni tresse, nje imefunikwa ganda la plastiki. Ganda linapokea makwaruzo ya kwanza, na kwa kuwa ni gumu kiasi, kipande hakijizungushi kwenye uzi mkuu wakati wa kurusha. Sentimita 2 au 3 za mwisho karibu na ndoano unalibandua kwa kucha, tresse tupu inabaki pale, na chambo kinacheza kwa uhuru majini. Na ganda linakupa onyo: likichanika ukaona nyuzi ndani, kata, funga upya.

Kama ningeweza kuipata kila wakati ningeifungia nusu ya ndoano zangu. Huku kwetu si rahisi kuipata. Mimi niliyonayo niliagiza kwa ndugu aliyekuwa anarudi kutoka Ubelgiji, na ninaitumia kwa ubahili. Mbadala wake wa kienyeji ni huu: chukua waya mwembamba wa umeme, vuta shaba itoke, ganda linabaki kama mrija. Pitisha tresse ndani yake kabla ya kufunga ndoano. Mrija wa wino wa biki iliyokwisha nao unafaa, ukiuosha vizuri kwa mafuta ya taa halafu sabuni. Sentimita 10 hadi 12 za mrija huo zinatosha kulinda sehemu inayolala juu ya jiwe. Sura yake haipendezi, tilapia mwangalifu mchana kweupe anaweza kuikwepa, ila usiku kambale hana habari nayo.

Nailoni nene

Nailoni ya yule mzee ilikuwa kati ya milimita 0.60 na 0.70. Hakuna siri kubwa: ni kipande kimoja kigumu, na jiwe likiikwaruza linachukua ngozi tu, moyo unabaki. Ina nyama ya kuliwa. Pia inanyumbuka, mara nyingi robo ya urefu wake kabla ya kukatika, hivyo ukivuta kwa hasira inapunguza hasira yako kabla haijafika kwenye ukingo. Ikifyonza maji inapungua nguvu kidogo, pengine sehemu moja ya kumi, na jua linaizeesha. Nailoni iliyokaa dirishani mwa duka tangu mwaka jana usiinunue hata kwa nusu bei.

Kwa anayevua kwa mkono, bila fimbo, hapa hakuna mjadala. Tresse ikikimbia kwenye kidole inakata nyama. Nimemwona mtu akiizungusha kiganjani ili avute chubwi lililonasa, na alienda kushonwa. Kama lazima uvute tresse, izungushe kwenye kijiti au kwenye chupa, siyo mkononi.

Hasara ya nailoni nene ni ugumu. Chambo kinasimama kama kimechomekwa msumari, na kwa ndoano ndogo fundo linakuwa kubwa kuliko tundu lake. Milimita 0.40 hadi 0.50 ndipo ninapoona mapatano kwa tilapia.

Kuna pia fluorokaboni. Ngozi yake ni ngumu kuliko ya nailoni, haifyonzi maji, inazama upesi na haionekani sana majini. Bei ni juu, fundo lake likivutwa kavu linaharibika, na vifurushi vingi vya bei rahisi vyenye jina hilo ndani ni nailoni iliyopakwa tu. Sijawahi kuona inazidi nailoni mpya kwenye mawe yetu kwa kiasi cha kulipa tofauti ile.

Uzi wa nyavu

Hapa wengi watacheka, wacheke. Uzi wanaotumia mafundi wa nyavu ni nailoni iliyosokotwa, na unauzwa kwa namba kama 210/9, 210/12 na kuendelea. Namba ya kwanza inasema mita 9,000 za uzi mmoja mdogo zina gramu 210. Ya pili inasema nyuzi ndogo ngapi zimesokotwa pamoja. 210/12 inakaribia kuvuta kilo 15, na bei yake ni ya mtu wa kawaida. Umesokotwa badala ya kusukwa, kwa hiyo una tabia ya kujikunja na kujifunga fundo kama umelegea. Unaonekana sana majini. Lakini ni laini, mnene, unavumilia kusuguliwa kuliko tresse nyembamba, na kwa kambale wa usiku sioni sababu ya kutafuta kingine. Kambale hana meno ya kukata, ana vinyweleo vya meno kama msasa, na msasa huo unafumua tresse wakati anajiviringisha. Uzi wa nyavu unachafuka tu.

Waya wa chuma haina haja katika Kivu. Acha kwa watu wa Tanganyika na Lualaba, wenye Hydrocynus, samaki mwenye meno kama ya mbwa.

Bido la maji

Kijana hakuniamini moja kwa moja, na alikuwa na haki. Tukafanya hivi, na wewe unaweza kufanya uani. Chukua bido la lita 5, lijaze maji: una kilo 5, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Tafuta jiwe la lava lenye ukingo, liweke juu ya ukuta mfupi. Funga uzi kwenye bido, upitishe juu ya ukingo, kisha vuta na kulegeza, vuta na kulegeza, kwa mwendo wa mtu anayesaga. Hesabu. Loweka uzi kwanza, kwa sababu ziwani huvui na uzi mkavu.

Tresse yake ya ratili 40, ambayo dakika chache kabla iliinua bido la lita 20 lililojaa nusu bila shida, iliachia kabla hatujamaliza kubishana nani ahesabu. Nailoni ya 0.60 ilitoa unga mweupe, ikaendelea, ikaendelea, mpaka mkono ukachoka. 210/12 ilikuwa katikati, imefumuka lakini imeshika. Tresse niliyovalisha ganda la waya wa umeme ilidumu mpaka ganda lilipotoboka, na baada ya hapo ilifuata nyayo za dada yake. Kisha tukarudia bila lava, tukitumia tawi bichi la mkaratusi badala ya jiwe. Pale tresse ilijichimbia kwenye gome na haikukatika kabisa. Kijana akanyamaza, kisha akasema, "Basi nisiitupe."

Asiitupe, ila ahamie nayo mahali pake.

Kila mmoja mahali pake

Rudi kwenye ncha iliyokatika mita moja juu ya chubwi. Unaweza kununua kipande cha ndoano cha bei ghali kuliko vyote, kama uzi ulio juu yake ni mwembamba na tupu, jiwe litakata pale na kipande chako kizuri kitabaki chini pamoja na ndoano. Kwenye lava, kwa hiyo, mimi hugawa hivi: tresse kwenye mulineti kwa ajili ya kuhisi na kurusha mbali; kisha mita 2 za nailoni ya 0.60 kama kinga. Kisha kipande cha ndoano cha sentimita 20 hadi 30. Kifupi ni bora, kwa sababu kirefu kinatafuta tundu la kuingia. Kipande hicho kiwe nailoni ya 0.45 mchana kwa tilapia, au 210/12 usiku kwa kambale, au tresse yenye ganda kama unayo.

Kwenye matete na miti, geuza. Tresse moja kwa moja mpaka ndoano, ya nyuzi 4, kilo 15 hadi 20, na ndoano ya waya mwembamba. Ndoano ikinasa kwenye gogo, vuta taratibu kwa kijiti: ndoano itanyooka, uzi utabaki mzima, na utairudisha umbo kwa koleo. Fanya hivyo mara moja au mbili, si zaidi, chuma kinachoka. Ndoano nene ya chuma kigumu hapa ni kosa, maana haitanyooka, na utakachokatia ni uzi, mita nyingi zake.

Chubwi lina sheria yake peke yake: lifungwe kwa uzi dhaifu kuliko vyote. Kinachonasa mara nyingi ni chubwi, ndoano inafuata tu. Mimi hutumia buji (plagi) kuukuu kutoka kwa mafundi wa piki, nazifunga kwa nailoni ya 0.20 ya sentimita 15. Ikinasa, inakatika hapo, ndoano na samaki wanarudi. Chubwi la risasi linauzwa, buji inaokotwa. Na jiwe dogo la lava lenye matundu, lenyewe limekuja na mahali pa kupitishia uzi. Nyiragongo imetupa kitu hata hapo.

Fundo la tresse lisiwe lile la kuzungusha mara tano tulilozoea kwa nailoni, linateleza. Kunja uzi uwe wa mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kulikaza, pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kisha kaza pole pole. Wengi wanaliita Palomar. Mate si ushirikina: polyethylene hii huyeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, chini sana kuliko nailoni, na fundo lililokazwa kavu kwa nguvu linajiunguza lenyewe. Kwa kuunganisha tresse na nailoni nene, mafundo mawili yanayotazamana yatatosha, tresse izungushwe mara 8 na nailoni mara 4.

Baada ya kila samaki, na baada ya kila kunasa, pitisha sentimita 50 za mwisho kati ya midomo. Kidole kina sugu, mdomo hauna. Ukihisi mkwaruzo hata mdogo, kata hapo, funga upya, hata kama samaki wanakula na jua linazama nyuma ya Sake. Yule mzee wa kopo la maziwa alifanya hivyo mara nne asubuhi ile. Tulipomaliza na bido letu, kijana alimwendea akamwomba mita 2 za nailoni yake. Mzee alimkatia 3, akamtazama anavyofunga, akalifungua fundo lile na kulifunga mwenyewe.